Kichwa cha Zaka Ukutani kwa Profesa

Mdogo wangu Profesa,

Chuo chako wamenipigia simu. Binti mmoja mwenye sauti ya adabu, shikamoo mama, pole na msiba mama, akaniomba niandike ukurasa mmoja wa kumbukumbu zetu, maana wanakutengenezea kijitabu cha arobaini yako. Akaniambia, "Andika tu kama vile unaongea naye, mama. Vitu vitamu vitamu vya utotoni." Nikamjibu haya. Sasa ndo naongea na wewe. Vitamu vimo humu, viwili vitatu, watavitafuta wenyewe.

Nianze na hicho kifo chako. Ulidondoka mbele ya wanafunzi, mkononi umeshika kile kitochi chako cha kuonyeshea picha ukutani. Waliponiambia ni moyo, nilikaa juu ya ndoo iliyofunikwa pale uani nikasema, "Moyo? Wa huyuhuyu Josi?" Jirani akadhani nimechanganyikiwa kwa uchungu. Wala. Miaka yote watu wanasifia kichwa chako tu, kichwa kile, kichwa kile, mpaka mie nikasahau kwamba na moyo ulikuwa nao. Baadaye nililia, tena nililia sana. Lakini machozi yangu na haya ninayoyaandika havigombani, kila kimoja kina kwake.

Unakumbuka nyumba yetu ya Temeke, nyuma ya soko la Tandika? Si ndo hiyohiyo naishi mpaka leo. Baba karani, katutoa Singida na masanduku mawili, na watoto tuko watatu. Mie dada mkubwa, wewe wa katikati, Zakaria wa mwisho. Watatu, Josi. Nakuhesabia taratibu kwa sababu baadaye wewe msomi hesabu hiyo ilikushinda. Zaka alikuwa anakubebea madaftari kwenda shule kama mtumishi wako, na wewe kila Jumapili kabla ya kanisa ulikuwa unampigia viatu vyake kiwi, vyake kwanza, vyako baadaye. Ulikuwa unatema mate kwenye ncha ya kiatu unasugua kwa kanga kuukuu ya mama mpaka Zaka anajiona uso. "Haya, bwana harusi," unamwambia, "twende." Hicho ni kitamu cha kwanza, binti wa chuo akichukue.

Cha pili ni mwaka ule Zaka alipoanza kuumwa. Yuko kidato cha tatu. Akachomoa balbu zote za taa za nyumba, akazipanga kitandani, anasema zinatusikiliza. Majirani wakasema karogwa. Mama akazunguka naye kwenye maombi mpaka soli zikaisha. Wewe ulikuwa nyumbani unasubiri kwenda chuo, na Zaka hakutaka chakula cha mtu mwingine ila chako. Ulikuwa unakaa sakafuni nje ya mlango wake, sahani ya ugali magotini, unampitishia tonge moja moja kwa mkono wako. Siku moja ukanigeukia, macho mekundu, ukasema, "Dada, mie nitasoma mpaka nijue ni kitu gani kimemwingia Zaka." Nikakuamini. Mungu wangu, nilivyokuamini.

Ukasoma kweli. Ukaenda nje, ukarudi na koti na lafudhi, ukaniambia nisikuite Josi mbele za watu. Ukaanza kazi yako ya kupiga picha ubongo wa watu wanaoumwa akili, na siku moja ukaja Temeke na gari ukasema mnatafuta watu wa utafiti. Unamtaka Zaka. Na unanitaka na mie, kwa sababu kinahitajika kichwa kizima cha kulinganishia. Mie nikaona fahari. Nikavaa gauni la kanisani kwenda kupigwa picha ya ubongo, mjinga mie.

Fomu ya ridhaa ya Zaka nilisaini mimi. Hilo nalo liandikwe, sitaki kujificha nyuma ya maiti yako.

Mie niliingia kwenye lile bomba la mashine ya picha nikatoka. Ukaniambia, "Dada, una kichwa kizuri sana," na nikikumbuka vizuri ndo sifa pekee uliyowahi kunipa. Zaka yeye akagoma. Ile mashine inagonga, ngo ngo ngo, na Zaka akaanza kupiga kelele humo ndani, "Kuna mtu anabisha hodi, mbona hamumfungulii?" Wakamtoa anatetemeka. Wenzako wakasema basi, tuache. Wewe ukachuchumaa mbele yake ukamshika mabega. Nilikuwa nimesimama pembeni, nilisikia kila neno. "Lala kimya, Zaka. Usitingishike hata kidogo. Ukimaliza, Jumapili nitakuja kukuchukua, twende kwangu Mbweni tukale pilau." Zaka akakuuliza, "Kweli, kaka?" Ukamwambia, "Kweli tupu."

Akalala, Josi. Akalala kama gogo. Mashine ikagonga weee mpaka ikachoka, na yule mtu ambaye nyumbani hakai kwenye kiti dakika mbili hakutikisa hata kidole. Ulisema mwenyewe kwamba picha yake ndo ilitoka safi kuliko zote.

Jumapili ikafika. Tulipotoka ibadani, Zaka akapiga pasi shati lake la bluu, akapiga viatu kiwi, akakaa barazani kwenye kiti cha plastiki. Nikamwambia ale kidogo, akasema ataharibu nafasi ya pilau. Jua likazunguka ukuta, likaingia upande wa pili, naye yupo. Nikamwambia labda kaka yako kapata safari. Jumapili iliyofuata, pasi, kiwi, kiti. Na iliyofuata. Hukuja wewe wala simu yako, na Zaka hakukusema vibaya hata siku moja. Aliniambia, "Kaka ana kazi nyingi, dada, lakini alisema kweli tupu." Ikawa ndo ibada yake ya pili. Watoto waliozaliwa mtaani kwetu wamekua wanajua kwamba Jumapili mjomba Zaka anamngoja mtu.

Wewe huku ulikuwa unaandika. Kichwa kile kimoja ulikikata kama boga, kila mwaka kipande. Mara umeandika na Wazungu, mara na wanafunzi wako, mara umealikwa kusoma andiko nchi gani sijui. Ulikuwa unanitumia kwenye simu, "Dada, limetoka lingine." Nami nakujibu hongera mdogo wangu, halafu naenda kuchungulia barazani.

Halafu kipaimara cha mwanao. Ukanialika na ukanikumbusha mara mbili, "Njoo peke yako, Dada." Nikaja. Sijawahi kusahau ile sebule. Juu ya televisheni, kwenye fremu ya dhahabu, picha kubwa nyeusi na kijivu ya ubongo. Mie sikusoma udaktari lakini nilifundisha shule ya msingi miaka mingi, najua kusoma maandishi madogo pembeni, na ile tarehe ilikuwa ni siku yangu ya gauni la kanisani. Mchungaji wenu akakuuliza, "Profesa, hii ni ya nani?" Ukacheka. "Huyo ndo kanifikisha hapa," ukasema. "Mgonjwa mmoja tu." Wageni wakacheka na nyie mkagonga glasi. Mie nilikuwa nimeshika sinia la sambusa.

Nikakufuata jikoni. Nikakuuliza, Josi, kichwa chake kimeingia humu, yeye mwenyewe je? Ukashusha sauti. "Dada, mazingira hayaruhusu. Mke wangu anajua Zaka ni mtoto wa mama mdogo. Ukweni wakijua ni tumbo moja na mimi, watasema nina ugonjwa kwenye damu. Na kazini wakijua nilimchunguza ndugu yangu nikanyamaza, nimekwisha." Nikasema, lakini ulimwahidi Jumapili. Ukanitazama kama mtoto asiyeelewa. "Dada, ile ilikuwa namna ya kumtuliza tu."

Namna ya kumtuliza! Wewe uliyekuwa unamtemea mate kiatu mpaka kinang'aa. Ukanijazia pilau kwenye hotpoti, ukasema mpelekee. Nikaibeba mpaka Temeke, na Zaka akaila yote. Akasema, "Nzuri. Ila imepoa."

Uliandika kwenye makaratasi yako, nimeambiwa, kwamba wagonjwa hawa jamii inawatenga. Kwamba familia zinawaficha. Loo! Uliyajuaje hayo, Profesa? Ulienda mbali kuyatafuta?

Na mama. Mama alipofariki, wasifu wake uliuandika wewe, na ulikuja msibani na wakubwa wenzako. Msomaji akasimama akasoma kwamba marehemu ameacha watoto wawili. Zaka alikuwa kakaa pembeni yangu kwenye jamvi. Akaninong'oneza, "Dada, mie simo?" Nikamwambia wamekosea kusoma. Nikamshika mkono nikanyamaza, kwa sababu sikutaka kukuaibisha mbele ya watu wako. Mama yuko kwenye jeneza pale, hawezi kuhesabu watoto wake, na mie mwenye kichwa kizuri nikanyamaza. Kwa hilo mie na wewe tuko sawa, na ndo maana naandika kwa hasira hivi.

Basi ukafa na wewe. Chuo wakanitumia wasifu wako kwenye simu, wakasema mwenyewe ndo ulivyouacha kwenye kumbukumbu zao, kwa hiyo dada mkubwa asome tu kama ulivyo. Nikausoma. "Alizaliwa mtoto wa pili kati ya watoto wawili." Hata maiti yako inaendelea kusema uongo, nikawaza. Nikauandika upya kwa mkono kwenye daftari, nikamwita Zaka, nikamwambia apige pasi lile shati la bluu.

"Leo si Jumapili," akasema.

"Najua. Leo tunaenda Mbweni kwa kaka yako."

Akaenda kutafuta kiwi.

Tulifika na kwaya ya akina mama wa kanisa letu, basi zima la kosta. Sebuleni kwako makochi yametolewa, wanawake wamekaa kwenye magodoro, na ile picha bado iko palepale juu. Zaka akasimama mlangoni akaitazama. Akaniuliza, "Dada, kile nini?" Nikamwambia, "Ni kichwa chako, Zaka. Ile siku ya mashine." Akaitazama tena, akageuza shingo huku, akageuza kule, kama mtu anayetafuta sura yake kwenye maji.

"Kumbe nilishafika kitambo," akasema. "Mbona hamkuniambia? Nisingekuwa nangoja."

Wifi alikuwa kakaa chini kabisa ya picha na nguo zake nyeusi. Akainua uso. "Wifi, anasema nini huyu mtoto wa mama mdogo?" Nikamwambia, si mtoto wa mama mdogo, wifi yangu. Ni shemeji yako. Mumeo alinifuata mimi, huyu akamfuata mumeo, tumbo moja. Akamtazama Zaka, akaitazama picha, akajifunika kanga usoni. Sikumwonea huruma siku ile. Nikaja kumwonea baadaye, yeye naye alidanganywa.

Nje, chini ya maturubai, mwenzako mmoja wa chuo akasimama kusoma orodha ya maandiko yako. Yote! Kurasa kwa kurasa, kwa Kiingereza, jua linatuchoma. Kwaya yetu hawakuelewa hata neno, lakini waliona mzee wa watu anasoma kwa sauti nzito kwenye msiba, wakadhani ni sala. Kila akimaliza kichwa cha andiko, wanaitikia, "Amina." Yule bwana akashtuka mara ya kwanza, akaendelea. Ubongo na hiki, "Amina." Ubongo na kile, "Amina." Alipofika kwenye lile lako la kwanza, la mgonjwa na ndugu yake mzima, na mie nikaitikia. Niliitikia kwa nguvu kuliko wote.

Halafu nikaitwa. Nikafungua daftari. Nikasoma, "Marehemu alizaliwa mtoto wa pili kati ya watoto watatu. Wa kwanza ni mie. Wa tatu ni Zakaria, yule pale mwenye shati la bluu. Zakaria ni mgonjwa wa akili. Ile picha mliyoiona sebuleni ni kichwa chake, na katika hayo maandiko mliyosomewa, yumo." Karatasi walizokuwa wanajipepea zikasimama mikononi. Wakubwa wako wakatazama viatu vyao. Nikasema moyoni, sasa hapa nimeua msiba. Halafu bibi mmoja wa kwaya, masikio hayasikii vizuri, akaitikia, "Amina." Na kwaya nzima ikafuata.

Makaburini waliita ndugu waweke mashada. Nikampa Zaka lake. Akalishika kwa mikono miwili, akaenda taratibu mpaka penye udongo wako mbichi, akalilaza. Akakusalimia, "Shikamoo, kaka." Akangoja uitikie. Akangoja mpaka watu wakaanza kukohoa. Halafu akachuchumaa, vilevile ulivyochuchumaa wewe, akaweka mikono yote miwili juu ya udongo.

"Lala kimya, kaka," akasema. "Usitingishike hata kidogo. Jumapili nitakuja kukuchukua tukale pilau."

Watu walilia, Josi. Mkuu wako wa chuo akatoa leso. Mama mmoja akasema nyuma yangu, jamani angalia upendo wa ndugu. Mie peke yangu nilijua maneno yale yametoka wapi. Nilitaka kumuuliza Zaka pale pale kama alikuwa anamaanisha. Sikuthubutu.

Wiki iliyofuata wifi alikuja Temeke mwenyewe, mara yake ya kwanza kuikanyaga nyumba hii tangu msiba wa mama. Kaja na ile picha kaifunga kwenye kanga. Kampa Zaka kwa mikono miwili. Zaka akamshukuru vizuri, akairudisha. "Mie ninacho changu," akasema, akajigusa utosini. Basi nimeiweka nyuma ya kabati, imegeukia ukutani. Wifi alikaa mpaka jioni akala na sisi. Zaka alimpa kiti chake.

Sasa unijibu, wewe uliyesoma. Kwenye hizo picha zako, mahali ambapo mtu anaweka ahadi aliyopewa panaonekana? Palikuwa na doa? Mashine ilipogonga vile, na yeye kalala kimya kwa ajili ya sahani moja ya pilau, hamkuona kitu chochote kimewaka humo ndani? Mbona hukuandika hilo? Ningekuitikia Amina bila hasira.

Kijitabu wakikichapa na hii imo, sawa. Waiweke mwisho wa orodha yako, iwe andiko la mwisho, tena hili mgonjwa katajwa jina. Wakiogopa, nitaisoma mwenyewe siku ya arobaini, daftari ninalo.

Jumapili imekwishafika, mdogo wangu, tena zaidi ya moja. Ile ya kwanza baada ya kukuzika nilitoka ibadani nikaenda moja kwa moja barazani. Zaka kapiga pasi shati, kapiga kiwi, kakaa barazani kwenye kiti chake cha plastiki, kama kawaida. Nikavuta kigoda nikakaa naye. Nikamuuliza kwa sauti ya chini.

"Zaka. Si ulimwahidi kaka yako? Twende basi makaburini, tukamwone."

Akatazama barabara. Akainama, akafuta vumbi kwenye ncha ya kiatu kwa kidole gumba, akaegemea kiti chake vizuri, mguu juu ya mguu.

"Mwache angoje," akasema.

Basi lala kimya, Josi.

Ni mie dada yako,
na dada yake Zaka.